Mtungi Namba Kumi na Saba

Jumatatu makumbusho hufungwa,
nami ndiye mwenye funguo na tambara.
Nafuta vumbi la Kayenze kwenye vioo,
nafagia wadudu wa ziwani waliokufa kwa maelfu
chini ya taa waliyoidhania mwezi.

Jengo hili lilikuwa kinu cha pamba.
Kinu kikafa, wakaingia wanawake:
wafinyanzi kwenye ghala la mbegu,
wasusi pale palipokuwa na mizani,
na Nkwimba, aliyezichora kuta kwa masizi na chokaa
hadi karani wa ushirika akamuuliza nani kamruhusu.
"Ukuta," akajibu. "Niliuomba, ukanyamaza."

Wageni walikuja kutoka Mwanza mjini kuwatazama.
Walinunua, walipiga picha, waliandika daftarini:
Kayenze, mji wa wasanii.
Majina ya wasanii hawakuyaandika.
Wino uliwaishia, nadhani.

Siku hizi kuna vibao. Nimevifuta hadi vimeniingia kichwani.
Na. 17. Mtungi wa maji. Udongo, alama za kamba, moshi.
Mfinyanzi: hajulikani.

Hajulikani amekuja leo.

Amekuja kwa miguu, kandambili moja bluu na nyingine si bluu,
na dagaa kwenye kopo la rangi.
"Mhola, ng'wana Mbuke," amenisalimu,
kisha akauliza kiingilio ni shilingi ngapi.
Nimeona haya kuitaja. Nimefungua tu.

Bibi Holo hakusimama kwenye ngoma,
wala kwenye kiti cha mtemi chenye kamba nyekundu.
Alisimama ukutani kwa Nkwimba, akagusa mkia wa chatu.
"Huyu hakummaliza. Uchungu ulimshikia hapa,
akaweka brashi chini, akamzaa Limi."

Halafu akaiona kumi na saba, akacheka
kama mtu aliyekutana sokoni na mdeni wake.

"Huu nilimuuzia bwana wa ushirika
kwa sababu unavuja."

Nikamwambia: meneja wetu, Bwana Rweyendera, anataka ushahidi.
Risiti. Picha. Barua yenye mhuri.
Akanyoosha kidole gumba, kilichopindia kushoto
tangu kilipobanwa na jiwe la kusagia;
na kwenye shingo ya mtungi, duara zima,
alama zote zimelalia kushoto
kama nyasi za pwani ya ziwa baada ya upepo.

Lakini namjua meneja. Atasema vidole vilivyopinda ni vingi.

"Basi lete maji," akasema.

Kanuni nazijua, nazo huzifuta, ziko mlangoni:
Usiguse. Usile. Usiegemee.
Hakuna palipoandikwa usimimine.

Nikateka maji ziwani kwa ndoo ya kudekia,
nikatoa kioo, nikajaza mtungi hadi shingoni.
"Upande wa dirisha," akasema, "chini ya mshipi wa kamba.
Kabla ya arobaini."
Akahesabu kwa Kisukuma, mimi kwa Kiswahili,
tukipishana kidogo, kisha tukikutana.

Kati ya ishirini na thelathini akaacha kuhesabu.
"Na kibao ukikiandika upya, usiniweke peke yangu.
Udongo aliuchimba Milembe mbugani, mvua ikimnyeshea.
Kinyesi cha ng'ombe cha kuchomea alitoa Kundi,
akatudai hadi anakufa.
Na huu mshipi wa kamba aliuzungusha mama yako.
Hapa alikosea. Ona."

Nikaona.
Miaka sita nimelifuta kosa la mama yangu
nikidhani ni nakshi.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.
Tone likachungulia, likasita,
rangi ya moshi wa zamani,
likaanza kushuka.

Nikanyoosha tambara.
Akanishika mkono:
"Liache lifike."